Gari Hakuna: Msimbo wa Susana Yangi

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa katika kituo cha polisi mjini Arua, tarehe 18 Machi 2025

Jina: Driwaru Patience
Umri: Miaka 41
Kazi: Karani wa kumbukumbu za wagonjwa, hospitali binafsi
Makazi: Mvara, Arua

Kazi yangu ni kusoma faili la mgonjwa na kuliwekea msimbo, yaani herufi na tarakimu zinazoonyesha ameumizwa na nini. Mwenye pikipiki au skuta akigongana na gari zito, msimbo unaanza na V24. Akianguka peke yake ni V28. Haya nimekwisha kumweleza wakili wa mwenye lori la kesi hii mpaka koo limekauka.

Mnamo tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi, nikiwa mapokezi, Susana Yangi, muuza vitenge wa Koboko, aliletwa nyuma ya pikapu. Paja lake la kulia lilikuwa limesagika. Kaka yake, Kenyi, ndiye aliyejibu maswali. Alisema, "Yeye alianguka na skuta. Gari hakuna."

Afande, kwetu hospitalini ukitaja gari unaulizwa kwanza fomu ya polisi. Si sheria, ni mazoea mabaya tu. Ukisema umeanguka, machela inakuja. Watu wanalijua hilo, basi kila wiki wanaanguka. Ukiyaamini mafaili yetu, utadhani West Nile nzima hatujui kukaa juu ya pikipiki.

Niliandika V28. Susana aliingizwa chumba cha upasuaji papo hapo. Mguu ulikatwa, lakini yuko hai.

Mnamo tarehe 13 Machi, mchana, nilikwenda wodini kuhakikisha maelezo, maana Susana alikuwa amezinduka. Akaniambia, "Trela ilikuwa inakwepa shimo pale Lobule. Ikanipanda." Alikuwa anashika shuka mahali mguu ulipokuwa. Roho iliniuma sana. Nilikata V28 kwa mstari mmoja, nikaandika V24, nikaweka sahihi na tarehe.

Sasa wakili anasema nimehongwa, na kwamba msimbo wa kwanza ndio wa kweli. Dereva wa lori hilo, Francis, mliyemshikilia hapa, anatakiwa kuachiwa jioni hii kwa sababu ya msimbo wangu wa kwanza. Nani atamsikiliza Susana, Francis akishaondoka?

Kenyi amekaa kwenye benchi nje ya mlango huu tangu asubuhi. Aliniuliza, "Mama, kama mimi nasema kweli, watafunga mimi?" Nilimjibu sijui, maana kweli sijui.

Afande ameniuliza, kesho akija mwingine akasema ameanguka, nitaandika nini. Nitaandika ameanguka. Machela ije kwanza.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Maelezo yangu yanaishia hapa.

Sahihi: Driwaru P.

Maandishi ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, ameyakubali na kutia sahihi mbele yangu. Alipofungua mlango kutoka, Kenyi Yangi aliingia bila kuitwa. Nimeanza kuchukua maelezo yake. Maneno yake ya kwanza: "Gari ilikuwa."

Koplo Enoch Adriko