Firigisi za Batha

Ijumaa, 9 Januari 2026

Bosi ana wazo jipya. Mungu atusaidie.

Tulikuwa tunatoka Al-Sulay kwenye maghala yake, akaniambia nipunguze mwendo pale langoni. Wafilipino walikuwa wanatoka zamu. Akauliza, hawa hula wapi? Nikamwambia Batha, katikati ya Riyadh, na ni mbali. Tulipofika barabara kuu akasema anafungua hoteli ya chakula cha Kifilipino pale pale langoni, kabla ya Ramadhani.

Na mimi, Alfayo, dereva, ndiye wa kuonja. Kila Ijumaa niende Batha nile kwa Wafilipino, nimletee habari. Kwa nini mimi? Ati kwa sababu mimi hula kila kitu. Sijui nimesifiwa ama nimetukanwa.

Nikaona mlango umefunguka, nikaingiza mguu. Bosi, mke wangu ni mpishi. Yuko Jeddah, Al-Rawdah, kwa nyumba ya madam mmoja. Mkataba unaisha mwisho wa Februari na madam haongezi. Asipopata kafili mwingine, mwajiri wa kumdhamini, anarudishwa kwetu Vihiga. Bosi akafikiria. Akasema nikienda naye Jeddah mwezi ujao kwa kaka yake, Sellah ampikie Kifilipino. Kikiwa kizuri, halas, yamekwisha, anamchukua. Inshallah.

Hiyo inshallah ndiyo inanisumbua. Matairi mapya: inshallah, na akanunua. Likizo yangu: inshallah, na mpaka leo. Ya leo sikushika ni ya matairi ama ya likizo.

Nimempigia Sellah. "Baba Joy, mimi napika wali wa kabsa na sambusa. Kifilipino nitakitoa wapi?" Nikamwambia mimi nitaonja, yeye atapika. Akacheka sana. Karibu miaka miwili tuko nchi moja, na tumeonana mara moja tu, tumesimama nje ya geti la madam wake. Nataka mke wangu Riyadh. Ndiyo hiyo tu.

Ijumaa, 16 Januari

Batha. Nimechanganyikiwa na nimeshiba.

Kwanza hakuna menyu. Chakula kiko kwenye trei nyuma ya kioo na wewe unaonyesha kwa kidole. Mimi nikasimama pale nikingoja kuulizwa. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Basi nikaonyesha kila kitu.

Kuku wa siki na soya — mzuri. Supu chachu yenye ukwaju na mboga za majani, chachu mpaka jicho moja likafunga lenyewe. Spageti — ya sukari! Na soseji ndani. Halafu nikaona trei ya vidagaa vilivyokaushwa. Omena. Omena, Riyadh! Nusura niwasalimie. Wao huvila asubuhi na wali wa kitunguu saumu.

Kisu hawana. Uma mkono wa kushoto, kijiko wa kulia, na kijiko ndicho kinakata nyama. Nimejaribu. Nyama iliruka mpaka meza ya jirani, jirani akairudisha kwa adabu.

Mwisho wakaniletea glasi ndefu: barafu iliyosagwa, maziwa, mahindi na maharagwe. Maharagwe kwenye barafu. Nikaangalia huku na huku nione nani ananicheka. Hakuna. Watu wazima wanakula maharagwe na maziwa baridi wakiongea mambo yao. Nikamaliza glasi. Nilitaka nyingine. Sijielewi.

Mwenye hoteli ni mama wa makamo anaitwa Rowena, miwani yake ameifunga na uzi. Ananiita kuya. Nikauliza, akasema kwao ndiyo kaka.

Kazi ya usiku ilikuwa kumweleza Sellah uchachu kwa simu. Chachu kama nini? Kama maziwa ya mala? Hapana. Kama embe bichi? Karibu, lakini yenye nyama. "Baba Joy, ulienda kuonja ama kutembea?"

Jumanne, 20 Januari

Sellah amepika yule kuku wa siki jikoni kwa madam, madam akiwa nje. Madam amerudi mapema. Nyumba nzima siki. Sellah alipoulizwa akasema anasafisha sinki. Wakati huo watoto wa madam walikuwa wamekula sufuria yote na wanaomba wali zaidi. Nimecheka peke yangu kwenye gari, bosi akanitazama kwa kioo.

Ijumaa, 23 Januari

Sijui niandike nini. Niandike tu.

Leo Rowena ameweka jiko la makaa nje, karibu na mlango, anachoma vitu kwenye vijiti. Nikasogea. Firigisi. Firigisi nne, tano kwenye kijiti kimoja, zimepakwa soya na sukari. Na mbele yangu kwenye foleni wasichana wa saluni, kila mmoja anachukua chake anakula amesimama, anaongea, kama anakula njugu.

Kwetu Maragoli, kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Haijadiliwi. Mama akipakua anaiweka juu ya chakula cha baba, na wote mezani wanajua nyumba iko sawa. Mwanamke haili. Mama yangu alipokasirikiana na baba, firigisi ilikuwa inapotea sufuriani na hakuna aliyeuliza imeenda wapi. Sellah aliniwekea ya kwanza wiki ya harusi yetu, akaigeuza kidogo kwa kijiko ikae vizuri. Bado naiona.

Sasa mimi sikununua. Niliona haya. Nikaingia ndani, nikaonyesha wali na ile supu, nikaketi. Rowena akapita, na bila kuulizwa akaweka kijiti cha firigisi juu ya wali wangu. Juu kabisa. Akasema kula kuya, akaenda zake.

Mwanamke asiye wangu ameniwekea firigisi. Najua yeye si Mmaragoli. Najua. Lakini mkono ulikataa kutoka mezani. Nikatafuta sura yake nione ana maana gani, nikaona miwani na mvuke tu.

Nimeila. Ilikuwa tamu kuliko chochote nilichokula nchi hii, na hilo ndilo linanikera.

Jumapili, 25 Januari

Nimemweleza Norman, mlinzi wa ghala, maana yeye ni wa Busia, anaelewa. Kosa. Amecheka mpaka akashika nguzo ya lango. Ati mimi nimeshaolewa Batha, nipeleke mahari. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya kawaida, kama Sellah anajua. Nikasema kuna nini cha kujua? Akasema sawa.

Hiyo "sawa" sikuipenda.

Ijumaa, 30 Januari

Nimerudi. Kikazi! Bosi anataka kujua mchele gani wanatumia.

Rowena akaniwekea tena. Juu ya wali, vile vile. Nikajisemea Alfayo, leo unauliza. Kabla sijafungua mdomo nikamwona anaweka kijiti kwa mzee Mbangladeshi wa meza ya pili. Halafu kwa fundi wa simu. Nikauliza msichana wa kuosha vyombo. Akasema mama huwapa wote wanaorudi mara ya pili, ili warudi ya tatu.

Basi. Nilipaswa kufurahi. Mzigo umetoka mgongoni, niimbe. Badala yake nimeumia. Nilimwangalia yule mzee akitafuna firigisi yake nikamchukia, mtu wa watu ambaye hajanikosea. Kwani nilikuwa nataka nini? Rowena simtaki. Hata kidogo. Nadhani nilitaka mtu aniwekee. Tangu nije huku chakula changu najiwekea mwenyewe, ama naonyesha kwa kidole.

Nimemtumia Sellah sauti ndefu. Kuku wa siki, supu, tambi za mayai, mchele gani. Na mwishoni, sijui kwa nini, nikaongeza: na firigisi za vijiti, soya na sukari, ziungue kidogo pembeni, hizo zinapendwa sana, ujifunze.

Jumatano, 4 Februari

Sellah alikuwa hajajibu tangu Ijumaa. Leo ametuma picha.

Ni friza ya jikoni kwa madam, ile droo ya chini. Mifuko. Kila mfuko umejaa firigisi, zimeoshwa, zimefungwa vizuri. Nikampigia. Akasema kwa nyumba hiyo hawali firigisi, hutupiwa paka. Yeye tangu afike amekuwa akiziweka. Kila kuku. Zikijaa sana anatoa za zamani anawapa paka, anaweka mpya.

Nikauliza za nini, na jibu nilikuwa nalijua.

"Za nani mwingine, Baba Joy? Ningezila mimi?"

Halafu akaniuliza polepole, sauti haijapanda hata kidogo: "Hizo za Batha. Ulinunua ama uliwekewa?"

Ningesema nilinunua, yangeisha. Ningesema niliwekewa lakini huwekewa kila mtu, hata mafundi wa simu, labda yangeisha pia. Nikasema mtandao unakatika. Mtandao haukuwa unakatika.

Jumapili, 8 Februari

Hapigi. Namtumia habari za supu, ananijibu "sawa". Hii ni sawa ile ya Norman.

Bosi ameshanunua meza na viti. Tunaenda Jeddah Alhamisi. Nilimuuliza tena kuhusu Sellah, akasema inshallah huku anasoma simu. Huyu naye.

Batha sikwenda Ijumaa. Nilikula mkate.

Ijumaa, 13 Februari. Jeddah

Naandika kwenye gari, nje ya nyumba ya kaka yake bosi, Al-Rawdah. Kutoka hapa naliona geti la madam wa Sellah.

Sellah alikuja baada ya sala ya Ijumaa na vyombo vitatu, viwili mkononi na kimoja kwenye mfuko. Amekonda. Amevaa kile kitambaa cha kichwa cha njano. Mbele ya watu alinisalimia, "Habari ya safari, Baba Joy," na mimi nikajibu kama mtu wa benki.

Bosi akala kwenye mkeka, barazani. Kuku wa siki kwanza. Halafu supu, na jicho lake moja likafunga, nikajua Sellah ameupata ule uchachu. Aliupata kwa simu! Kwa maneno yangu ya embe bichi! Bosi akaongeza wali, akaongeza tena, akajifuta mdomo. Akasema, "Halas. Jumapili naanza kuhamisha ikama yake, kibali chake cha kukaa kije kwangu."

Nikangoja aseme inshallah. Hakusema. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu ila hicho.

Kisha bosi akamgeukia Sellah, akamuuliza kwa Kiarabu, wewe unakuja? Sellah akaangalia mikono yake. Akamwambia kuna neno moja anangoja kutoka kwangu, akilipata atamjibu. Bosi akanitazama, akamtazama, akacheka kidogo, akasema anaenda kulala, akiamka anataka jibu moja, si mawili. Akaingia ndani.

Nikakimbilia kwenye gari. Nilijiambia naenda kuangalia maji ya injini.

Sellah akanifuata na ule mfuko. Akafungua mlango wa upande wa pili, akaketi kiti cha mbele, mlango akauacha wazi. Akatoa chombo cha tatu. Firigisi. Zote za droo ya chini, kwenye vijiti, soya na sukari, zimeungua kidogo pembeni kama nilivyomweleza. Gari lote likanuka Batha.

Akachukua kijiti kimoja. Nikanyoosha mkono. Hakunipa. Akala yeye. Sellah, ambaye kwao hata kuitazama sana firigisi ikiwa sufuriani ilikuwa kesi. Akatafuna polepole akiangalia mbele, kama mtu anayesikiliza redio. Akamaliza kijiti chote.

"Kumbe ndivyo zilivyo," akasema.

Nikaanza kueleza. Rowena, miwani, mzee Mbangladeshi, fundi wa simu, mara ya pili na mara ya tatu. Maneno yakatoka yamepangana vibaya, fundi akaja kabla ya Rowena, ikawa kama nina watu kumi Batha. Nikasikia mwenyewe navyosikika. Akaningoja mpaka nikaishiwa.

Halafu akachukua kijiti cha pili, akakishika katikati yetu, hakikuja kwangu na hakikurudi kwake.

"Sasa, Baba Joy. Nikuwekee, ama utanunua?"

Nimemwambia angoje niandike kilomita, bosi huzitaka. Nikatoa daftari hili. Anajua kilomita haziandikwi mistari mingi hivi. Ndani bosi anakohoa, ameamka. Sellah hajashusha mkono, na mafuta yanadondoka kwenye kiti, na mimi naweka kalamu chini nimwambie aniwekee.