Panda Kichwani mwa Gavino

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila kabla ya yote nashukuru, maana mwanangu Gavino yu hai na jana alitengeneza jibini mwenyewe, kwa mikono ile ile iliyokuwa ikitetemeka hadi supu inamwagika, mate yanamtoka, na kijiji chetu chote hapa milimani Sardinia kinasema kijana wa Bonaria mlevi, nami nikaamini ni kijicho, nikampeleka kwa Bibi Pepa, mtoa husuda wetu, atupe punje za ngano majini kukiondoa, naye, Mungu ambariki, alimtazama tu mwanangu akayamwaga maji. "Bonaria, mimi natoa husuda. Hili si langu. Mpeleke hospitali Cagliari, tena leo!"

Huko wakampiga picha ya ubongo, na daktari akatuonyesha katikati yake uso wa panda, yule dubu wa Uchina, macho na masikio, akasema ini limeshindwa kutoa shaba mwilini, imepanda hadi kichwani. Gavino, ulimi mzito, akamwambia, "Daktari, mimi mchunga kondoo. Huyu kaingia zizini kwangu lini?" Tulicheka huku tunalia.

Sasa ana mwaka wa dawa. Nami nikaichukua sufuria ya shaba ya marehemu baba mkwe, iliyopikiwa jibini miaka sitini, nikaifukia nyuma ya zizi, na mume wangu hasemi nami. Nilitaka kumlinda Grazietta, dada yake Gavino, miaka kumi na sita, mzima wa afya. Daktari alisema apimwe, lakini ya nini, na sufuria nimeshaizika? Je, nilikosea?

Bonaria

Bonaria, pole, na hongera kwa jibini. Sasa nisikilize. Umezika kisicho na kosa. Gavino hakuupata ugonjwa sufuriani, aliurithi kwako na kwa baba yake, nanyi hamkujua kwa kuwa ninyi hauwaumi. Grazietta ni wa tumbo hilo hilo, na ugonjwa huu huanza kimya. Gavino alipokuwa na miaka kumi na sita alitetemeka? Basi.

Bibi Pepa alikuwa na ujasiri wa kusema "hili si langu". Mshukuru kwa kumuiga, waachie madaktari. Wiki hii binti apimwe damu, mkojo na macho. Akiwa na ugonjwa, dawa zitawahi kabla ya panda. Gavino naye asiziache hata siku moja, hata ajione bingwa. Jibini pikieni kwenye sufuria ya chuma, maana Gavino hafai kuongezewa shaba, na ile ya shaba fukua, isugue, itundike ukutani, na mumeo umwombe radhi.

Lakini anza na Grazietta. Sufuria inaweza kungoja udongoni, binti hawezi.