Vua Viatu, Chumba Namba Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Karani wa takwimu amekuja na kompyuta yake kutoka makao makuu. Amejifungia stoo ya mafaili tangu asubuhi. Wakubwa wanataka kujua: wagonjwa wa kisukari na presha wanaotibiwa na daktari, chumba namba moja, na hawa wanaotibiwa na mimi nesi, chumba namba tatu — ni wapi matibabu yanakula pesa zaidi? Jibu likija baya, chumba changu kinarudi kuwa stoo ya mablanketi.

Nimempelekea chai. Sikumwogopa hata kidogo! Nusu ya chai niliimimina kwenye sahani, basi.

Jumatano, 6 Machi

Kliniki imefurika. Wagonjwa thelathini na mmoja, na wote nimewavua viatu. Ndiyo maana wananiita Mama Vua Viatu — wanadhani sijui! Waite wanavyotaka. Mguu wa mwenye kisukari unaweza kuoza na mwenyewe asisikie maumivu.

Yule mzee fundi cherehani leo kaja na soksi mpya, bado zina karatasi ya dukani. Kasema ameona aibu kuniletea zile zenye madirisha. Fundi mzima! Nimecheka mpaka machozi. Kisha nikamwaga mfuko wake wa dawa mezani. Kidonge kilekile cha presha, viwanda viwili, majina mawili — anameza vyote na kulalamika kizunguzungu. Nimemwondolea kimoja. Hakuna kipimo, hakuna kulazwa. Dakika tano!

Karani alikuwa mlangoni akitazama. Kauliza kama mambo ya soksi huwa yanaandikwa kwenye faili. Nikamwambia aandike yeye.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeshinda! Nimeshinda, nimeshinda!

Wagonjwa wangu wanalazwa nusu ya wale wa chumba namba moja. Matibabu yao kwa mwaka yanagharimu theluthi moja pungufu. Nilidhani daktari atanuna. Wapi! Kasema mbele ya watu wote karani asifikiri nesi anapewa wagonjwa wepesi, wagumu ni yeye mwenyewe anayeniletea. Yeye ana dakika sita kwa kila mtu na foleni hadi getini, viatu atavivua saa ngapi? Muungwana yule. Kamati inakuja Jumanne kuona chumba kabla ya kuamua.

Nikaomba kuona orodha ya wagonjwa. Haina majina, namba tu. Aliyeongoza kwa gharama: mwanamume, miaka 63, mwalimu mstaafu, chumba namba moja. Amelazwa hospitali kubwa mara tatu ndani ya mwaka — sukari, sukari, kidonda cha mguu.

Nikakaa chini. Huyo ni kaka yangu.

Kidonda? Mara zote tatu wifi aliniambia ni kichomi!

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda kwake. Kaka yuko kwenye kochi, miguuni viatu vyake vyeusi vya kufundishia, vinang'aa — ndani ya nyumba yake mwenyewe! Nikamwambia avue nimwangalie. Kasema amenisomesha kwa mshahara wake tangu darasa la kwanza hadi chuo cha uuguzi, na hakunisomesha ili aje anivulie soksi. Yeye anatibiwa na daktari. "Sawa, Kadogo?" Kadogo! Nina wajukuu wawili.

Nikajibu vibaya. Nikamwambia ndiye mgonjwa ghali kuliko wote kituoni. Akainama kukaza kamba za viatu. Nikaondoka chai haijaguswa. Wifi alinisindikiza hadi nje, akaninong'oneza kwamba siku hizi kaka analala na viatu.

Nililosema ni kweli. Lakini si hivyo anavyoambiwa kaka mkubwa. Nimejisikia vibaya jioni nzima.

Jumanne, 12 Machi, saa nne na nusu asubuhi

Kamati ilifika saa mbili. Watu wanne na madaftari yao, wakajipanga kwenye benchi langu la ukutani. Nikaita namba kumi na nne. Akaingia kaka! Tai shingoni, mfuko wa dawa mkononi, na faili lake — kaliomba mwenyewe chumba namba moja.

Kasema kapita kunisalimu tu. Nikasema hapa salamu hupokelewa mtu akishavua viatu. Huko nje fundi cherehani akaangua kicheko. Kaka hakucheka. Akainama. Mguu wa kulia mzima, msafi. Kiatu cha kushoto kikatoka, soksi ikagoma. Imegandia kwenye kidonda.

Nikaiomba kamati itoke. Mmoja akasema bado hawajaiona kazi yenyewe. Nikamwambia watasubiri, nikafunga mlango.

Soksi nimeiloweka kwa maji ya chumvi, ya uvuguvugu. Dakika kumi, bila kuvuta. Ukivuta unachuna nyama. Daftari hili nimelitoa kwenye droo ili mikono ipate kazi. Nimeshamgusa vidole vyote vitano. Vina joto. Damu inafika! Harufu ipo, lakini si ile ninayoiogopa.

Anasoma chati ya miguu ukutani, kama anasahihisha mtihani. Kamati wanabisha hodi. Wabishe.

Dakika ya tisa. Kaka amegeuka, ananitazama usoni. Hakuniita Kadogo.

"Nesi," kasema, "nadhani imelainika. Ivue."