Turudishe Kijani, Dada

Mtwara

Kwa dada yangu mpendwa Tumaini,

Shikamoo dada. Kamwene, salamu yetu ya nyumbani, kwa wote hapo Mahongole. Mama anaendeleaje na miguu yake kwa baridi hii? Sisi huku tu wazima. Ninyi mnatetemeka, sisi jasho linatutoka. Shemeji yako analala sakafuni, na mimi pale ofisini, kwenye ghala la korosho, najipepea na faili. Ukiniona utacheka: muuza masweta anayeishi mahali ambapo hata shuka ni adhabu.

Naandika kwa kalamu kwa sababu ujumbe wangu wa simu huusomi. Bahasha nimempa dereva wa basi la Songea, ataipokeza kwa mwenzake mpaka Makambako. Simu unaweza kuizima, bahasha utaizima vipi?

Mama ameniambia umeifunika mashine ya kufumia kwa kanga, na siku hizi unashinda kwenye viazi tu. Anasema ulitamka, "Mikono yangu ina nuksi, biashara imenifia mikononi." Roho imeniuma sana. Nuksi gani, Tumaini? Tatizo ni rangi, na rangi zinarekebishika.

Tulipoanza ule ukurasa wetu wa mtandaoni wa kuuzia masweta tulikubaliana: kijani cha majani ya chai na weupe wa maziwa, basi. Kitambaa cha nyuma kwenye picha kijani, maandishi kijani, nembo kijani. Watu wakatuzoea. Kisha nikakuachia wewe kazi ya kupiga picha na kuzipandisha, na wewe, mtunza vitambaa vya madhabahu wa usharika, ukafanya kama unavyofanya kanisani. Kwaresma ilipoingia, ukurasa mzima zambarau. Ijumaa Kuu ukauvika weusi, hadi nembo. Pasaka ukawa mweupe pe, Pentekoste mwekundu. Nilipokuuliza ulinijibu kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, kila majira yana kitambaa chake. Ijumaa Kuu tukae na kijani, watu watatuonaje?"

Nilicheka mpaka machozi, maana ndivyo ulivyo. Lakini wateja wetu si wote Walutheri, dada. Ile Ijumaa Kuu watu waliniandikia pole ya msiba, na mmoja akauliza mazishi ni lini. Na yule mama mkuu wa shule ya bweni kule Mufindi, aliyetaka masweta ya wanafunzi wake, alipofungua na kuukuta ukurasa mwekundu akadhani tumedukuliwa na matapeli. Oda ikaishia hapo. Hiyo ndiyo oda iliyokuvunja moyo, najua, kwa sababu ulishaanza kuota chumba cha kufumia chenye dirisha kubwa, na wasichana wa kuwafundisha kazi.

Mimi nimefikiri hivi. Madhabahu hubadilishwa kitambaa na hakuna muumini anayepotea, kwa kuwa kanisa liko palepale na kengele ni ileile. Ukurasa wetu hauna jengo wala kengele. Mtu anapitisha kidole harakaharaka akiwa kwenye foleni ya benki, na kinachomsimamisha ni kile kijani alichokizoea. Tena wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba kijani hukaa madhabahuni muda mrefu kuliko rangi nyingine zote. Basi sisi tukae kwenye majira hayo, zambarau na nyeusi tuziachie kanisa.

Juzi nimefanya kituko. Nilitundika kitenge cha kijani ukutani, nikavaa lile sweta jeupe ulilonifumia nilipoolewa, nikamwambia shemeji yako anipige picha. Saa saba mchana, Mtwara hii! Jasho lilinitoka hadi kwenye nyusi, naye anacheka mpaka simu inatikisika. Nikaipandisha picha hivyohivyo, na ukurasa wote nikaurudisha kijani.

Kesho yake yule mama mkuu akaandika: "Kumbe mpo! Nilidhani mmeibiwa ukurasa. Masweta bado tunayahitaji, watoto wanatetemeka. Ila kwanza niambie, anayefuma ni yuleyule?"

Sijamjibu. Ningeweza kumtafuta mfumaji mwingine hapo mjini Njombe, wapo wengi na ni hodari, lakini sitaki. Nakutaka wewe.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya kuchua miguu naituma na mtu. Msalimie baba mdogo, fundi baiskeli, asiache kuvaa kofia. Shangazi wa kwaya mwambie kila Jumapili naikumbuka sauti yake, huku kwetu sauti ya kwanza wanapiga kelele tu.

Na wewe dada, ukimaliza kusoma, nenda kaitoe ile kanga juu ya mashine. Kisha washa simu unipigie, ili nimwandikie yule mama neno moja tu: ni yuleyule.

Mdogo wako anayekupenda,
Subira