Udongo Aliouzoea Jivu

3 Mei

Bibi mpendwa,

Kabla sijakusalimu, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, na nikianza na salamu sitalisema. Si Mjomba Gavin aliyewaita watu wa halmashauri kuja kunasa paka wako. Ni mimi.

Mwezi wa pili tulipewa kazi ya sayansi: kuhesabu viota vya ndege waitwao vitwitwi kule ufukweni na kuonyesha ni nani anayewala makinda. Nilichora ramani. Niliweka paka wako wote kumi na mmoja, kila mmoja anapolala, kwa rangi yake. Mwalimu aliipenda akaituma halmashauri, na nilipoambiwa, nilifurahi, Bibi. Nilifurahi siku nzima. Kisha wewe ukaanguka, ukapelekwa Adelaide, na wiki mbili baadaye Bwana Pruitt wa halmashauri alifika shambani kwako na mitego, ramani yangu mkononi. Aliponiona alisema, "Kazi safi sana, binti. Umetupunguzia mwezi mzima."

Tisa wamepigwa risasi. Waliobaki ni Jivu na mwanawe Soksi, ambao walinaswa siku ya mwisho. Nilimwambia Bwana Pruitt hawa wawili wana mwenyewe na wataishi ndani. Alicheka. "Yule mzee wa kijivu? Binti, atakula mapazia." Lakini alikubali. Wamehasiwa, wamewekwa chipu ya utambulisho, na sasa wako kwetu mjini, kwenye chumba cha kufulia, wote wawili nyuma ya mashine.

Mama amenipa sharti moja. Tarehe 20 Juni wakala wa nyumba tunayopanga anakuja kukagua. Siku hiyo nyumba ikinuka mkojo wa paka, wanarudi kwa Bwana Pruitt, na tunajua atawafanya nini. Nimenunua trei na mchanga wa paka dukani, lakini hawaugusi. Wanajisaidia sakafuni.

Sasa nakusalimu. Nyonga inaendeleaje? Unalala? Samahani kwamba siwezi kukupigia, Mama anasema hata ukiwashiwa kifaa cha sikio husikii kitu kwenye simu. Na mimi kwenye simu maneno hunikauka, unanijua.

Mjukuu wako,
Tamsin


8 Mei

Mjukuu wangu,

Salamu zako nimezikuta mwisho wa barua, kama mgeni anayebisha hodi akiwa ameshaketi jikoni. Nyonga imetiwa chuma. Asubuhi wananitembeza mpaka dirishani na kunirudisha, na wananisifu kama mtoto aliyemaliza uji. Chakula ni kondoo wa kuchemsha ambaye marehemu babu yako asingemtupia mbwa.

Kuhusu ramani sitakujibu leo. Nimeandika kurasa mbili nikazichana. Paka tisa. Niliwataja kwa majina mmoja mmoja mpaka mama wa kitanda cha pili akaniuliza kama nasali.

Kwa hiyo tuzungumze juu ya wawili. Jivu nimemlisha miaka tisa na sijawahi kumgusa. Anakuja, anakula, ananiangalia, anakwenda zake. Gavin anataka kuuza shamba, na daktari hapa anasema sitaishi peke yangu tena. Basi nikitoka nitakaa kwenu, kwenye kile chumba cha mbele, na nataka kumkuta Jivu. Sina kingine huko ninachokitaka. Umenielewa.

Usimtazame machoni. Kaa sakafuni umempa mgongo, usome kitabu kwa sauti, chochote, yeye hajali hadithi. Mpe sanduku la kujifichia. Asipojisaidia panapotakiwa usimkemee, maana atakachojifunza ni kukuogopa wewe tu. Na ule mchanga wa dukani, kwake ni kokoto. Hajawahi kuona kitu kama hicho. Nenda shambani, mletee udongo aliouzoea kuchimba, ujaze trei. Kila siku toa kiganja kimoja cha udongo, tia kiganja kimoja cha mchanga wa dukani, taratibu, mpaka asijue umebadilika lini.

Huyo Soksi ni mjinga tangu azaliwe. Usimhangaikie sana.

Bibi yako


15 Mei

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini sasa unapita dirisha. Sisi tu wazima, baridi imeanza na Mama amerudia kikohozi chake cha kila mwaka.

Bibi, imewezekana! Barua yako ilifika Jumatatu, Jumanne baada ya shule nikaenda shambani na baiskeli na ndoo mbili. Mjomba Gavin alikuwa anatoa vitu bandani. Nilimwomba udongo akasema, "Profesa, chukua hata ekari mbili, utampunguzia mnunuzi kazi." Nilizunguka nikitafuta mahali Jivu anapochimba. Nyuma ya banda la kukatia sufu, karibu na zile nguzo zilizooza, kuna sehemu isiyoota nyasi, na udongo wake ni laini kama unga, hauna hata mzizi. Nilikumbuka kumwona pale. Nilijaza ndoo zote mbili.

Niliweka trei na kutoka. Nilipochungulia baada ya saa moja alikuwa ameshachimba, amefanya haja, amefukia vizuri. Tangu hapo hajakosea hata mara moja. Ameupenda udongo huo kiasi kwamba analala humo humo, amejikunja, anajilamba miguu. Nilisoma kwamba paka mwenye hofu hufanya hivyo kwa sababu pale ndipo mahali pekee panaponuka kama kwao. Jana nilipokuwa nasoma kwa sauti alitoka, akakaa nyuma yangu. Sikugeuka. Nilisikia anapumua.

Soksi hataki kabisa kukanyaga trei. Anakojoa kwenye zulia dogo la mlangoni, na Alhamisi alikojoa kwenye mkoba wangu, kwenye kitabu cha historia. Mama amesema, "Mama yake kapata alama zote, huyu arudie darasa." Namwogopea tarehe 20. Lakini Jivu atavuka, Bibi. Nakuahidi.

Mjukuu wako,
Tamsin


19 Mei

Tamsin,

Tupa udongo huo leo. Usiufagie, utatimua vumbi; ulowanishe kwanza, uvae glavu, uutie kwenye mfuko, na mikono uoshe mpaka kwenye viwiko. Trei itupe pia. Mpeleke Jivu kwa daktari wa wanyama hata kama anaonekana mzima, na mwambie daktari neno hili: josho.

Hapo nyuma ya banda palikuwa na josho la kondoo. Baba wa babu yako aliogeshea hapo kondoo kwa dawa ya chawa, na dawa ya siku zile ilikuwa aseniki, sumu isiyokwisha udongoni. Maji machafu walimwaga hapo hapo, na josho lilipochakaa walilifukia. Nyasi hazijaota tangu kabla sijaolewa. Tulilijua sote, kama mtu anavyojua jiko lina moto, ndiyo maana hakuna aliyeweka ubao. Kule nje paka anachimba mara moja anaondoka. Wewe umemfungia ndani nao, na analala humo anajilamba.

Nimemwomba muuguzi apige simu kwa mama yako, hakumpata. Nimewapa barua hii wapeleke posta sasa hivi.

Bibi


29 Mei

Bibi mpendwa,

Barua yako imefika tarehe 27. Feri ya kuja kisiwani haikuvuka siku saba kwa ajili ya dhoruba. Mama anasema aliona namba asiyoijua akiwa kazini, akadhani ni wale wauzaji, hakuipokea.

Jivu amekufa tarehe 24.

Nitakueleza kwa sababu najua utataka kujua, na sitaki uelezwe na mtu mwingine. Tarehe 20 aliacha kula. Siku iliyofuata alianza kutapika na kuharisha, maji matupu, kisha damu. Hakutoka kwenye trei. Nilidhani ni udongo wa nyumbani unaompa nguvu, kwa hiyo niliuongeza kutoka ndoo ya pili. Niliuongeza mwenyewe, Bibi, kwa mikono. Tarehe 22 tulimpeleka kwa Daktari Imke. Aliuliza amekula nini, nikamwambia nyama na maji tu. Aliuliza kama kuna sumu ya panya nyumbani, nikasema hapana. Hakuniuliza juu ya udongo, wala mimi sikuutaja. Alimtundikia maji, akasema paka wa mwitu wengine mioyo yao hushindwa wakifungwa ndani.

Siku ya mwisho alikuwa hawezi kusimama. Daktari alisema naweza kumgusa, hatang'ata tena. Niliweka mkono mgongoni mwake. Manyoya yake ni mazito kuliko yanavyoonekana. Alinitazama, sikujua kama niangalie pembeni au la, nikaangalia pembeni kama ulivyoniambia.

Baada ya barua yako nilikwenda kwa Daktari Imke na kusema lile neno. Alipima udongo uliobaki na sampuli aliyoihifadhi kutoka kwa Jivu. Ni aseniki hiyo hiyo.

Mimi nimepimwa damu, niko salama. Soksi ni mzima. Hakuna kitu kilichomwokoa ila kwamba hakutaka kunisikiliza.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nilitaka tu uwe umeambiwa ukweli na mimi.

Mjukuu wako,
Tamsin


4 Juni

Tamsin,

Nimepata.

Josho ni kosa langu. Nilisema udongo aliouzoea, sikusema upi, na miaka kumi na sita unacheza pale shambani sikukuonyesha kwa kidole. Hilo lisikulaze njaa.

Ramani ni yako. Nimejaribu kuiweka kando, kila nikiamka naikuta. Wale tisa hawakuwa na mtu wa kuwasemea ila mimi, na mimi nilikuwa nimelala chali hospitalini. Usidhani sikupendi. Lakini kuja kukaa kwenye chumba kile cha mbele, tukutane mezani kila asubuhi, sitaweza. Hapa wana makao ya wazee ng'ambo ya bustani, nimewaambia waniandikie jina.

Nikiweza nitakuandikia. Usisubiri posta.

Bibi yako


24 Juni

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Mama alipiga simu kwenye makao Jumapili, wakamwambia umehamia, unakula, na unatembea na fimbo mpaka bustanini. Nilishukuru kusikia. Umesema nisisubiri posta, nami sisubiri, ila sikuahidi kutoandika.

Soksi amevuka. Nilimwuliza Daktari Imke kuhusu udongo, akanipa wa bustani yake ambao ameupima. Soksi hakuutaka. Basi nilikata kipande cha lile zulia alilokuwa anakojolea, nikakilaza ndani ya trei, na zulia lililobaki nikalitoa nje. Alizunguka siku mbili analia. Siku ya tatu aliingia akakojoa juu ya kipande. Nilikuwa nakipunguza kila siku kwa mkasi. Tarehe 18 kilikuwa kama stempu. Tarehe 19 nilikitoa, na asubuhi udongo ulikuwa umechimbwa.

Wakala, Bi Leahy, alifika saa nne tarehe 20. Mama alikuwa kazini, nikabaki mimi. Aliingia chumba cha kufulia, akavuta pumzi mara mbili, akaniuliza, "Kuna paka hapa?" Nikasema yupo. Akasema, "Mbona hanuki?" Soksi alikuwa juu ya kabati amemwinamia, masikio nyuma, na Bi Leahy akasema, "Ana sura ya mtu aliyedhulumiwa." Akaandika nyumba ni safi, akaenda zake. Nilikaa sakafuni nikampa Soksi mgongo. Hakuja. Bado haji.

Shamba limepata mnunuzi, watu wa bara, mume na mke na watoto wawili wadogo. Nilimwuliza Mjomba Gavin kama amewaambia juu ya josho. Alisema, "Profesa, kuna mambo mtu haulizwi, basi haongei." Nikamwambia mimi pia sikuulizwa juu ya udongo. Akasema nisimharibie biashara.

Jumamosi nilitafuta mbao mbili nzuri bandani. Niliandika kwa rangi nyeupe: HAPA PALIKUWA NA JOSHO. UDONGO UNA SUMU. USICHIMBE, USIUCHUKUE. Nilipima sehemu yote isiyo na nyasi, nikazidisha hatua kumi kila upande, nikasimamisha nguzo sita na kuzungusha waya. Ubao mmoja niliupigilia upande wa banda na mwingine upande wa njia. Mjomba Gavin alitoka na kikombe cha chai akanitazama mpaka nikamaliza. Kisha akaja na koleo, akaung'oa ule wa upande wa njia, akauweka chini bila kuuvunja, akarudi ndani.

Niliuokota nikaupigilia tena. Alasiri aliung'oa tena. Nilikwenda nyumba ya jirani, nikaomba misumari mirefu, ya inchi sita, nikarudi nikaupigilia kwa kila kona na katikati, kisha nikapanda baiskeli nikaenda mjini ofisini kwa wakala anayeuza shamba. Walikuwa wanafunga. Nilisimama kaunta mpaka sauti ikatoka, nikamwambia dada wa mapokezi kuna josho, liko wapi, na paka amekufa. Alichukua kalamu akaniomba nirudie. Nilirudia.

Mjukuu wako,
Tamsin