Nimeliinua Gari Lako, Baba Ritha

Baba Ritha,

Gari lako nimeliinua. Nakuambia mwanzoni kabisa, kwa sababu nikianza na habari za kahawa na ng'ombe utajua kuna jambo ninalizunguka. Siku zote ulikuwa unajua.

Ulikataa, sijasahau. Mara ngapi nilikuomba tulipeleke kwa fundi liinuliwe, tumbo liache kuburuza kwenye tuta la katikati ya njia? Ukatikisa kichwa tu. "Mama Ritha, gari la mlimani likae karibu na ardhi. Likienda juu linalewa." Nilijua unamfikiria rafiki yako wa Mwika, aliyeinua pikapu yake, akapakia ndizi hadi juu ya mbao za pembeni, akapinduka konani. Wewe ndiye uliyemvuta kutoka chini ya mikungu. Alipona, lakini mguu wake haukurudi kama zamani. Basi ukaweka jembe nyuma ya kiti. Kila masika gari likikwama ulivua viatu, ukashuka, ukachimba tuta mpaka tumbo lipate nafasi. Nimekuona ukichimba na shati la Misa. Hata siku moja hukulalamika, na mimi nikanyamaza.

Sasa nikueleze kilichonifanya nisinyamaze tena.

Siku tuliyokuleta nyumbani kutoka hospitali, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulikuleta kwa gari lako mwenyewe. Kalisti mdogo wako aliendesha. Mimi na Ritha tulikaa nyuma kando ya jeneza lako, chini ya turubai. Malori ya kahawa yalikuwa yamechimba njia pande zote mbili, na lile tuta la katikati limekuwa kama mgongo wa ng'ombe. Pale konani, chini kidogo ya mfereji, gari likakaa. Kalisti akatia gia ndogo, magurudumu yote manne yakazunguka, tope likaruka hadi kwenye migomba. Akashuka na jembe lako, akachimba kama ulivyokuwa ukichimba wewe. Akarudi kwenye usukani. Halikwenda.

Wanaume waliokuwa wakitusubiri juu wakateremka. Wakakutoa, wakakubeba mabegani, wakipokezana, wakiteleza, huku wakiimba. Padri alitembea kanzu ameikunja mkononi. Watu waliniambia baadaye kwamba ilikuwa heshima kubwa, mtu kubebwa na kijiji chake. Labda. Mimi niligeuka nikaliona gari tupu nyuma yetu, milango wazi, limelalia tumbo. Nikakasirika. Nilikukasirikia wewe, uliyekuwa mbele yangu umelala. Hilo sijamwambia mtu yeyote.

Tulikuzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, upande wa juu, kwenye kahawa za baba yako. Masale niliyoyapanda kukuzunguka yameshika vizuri.

Gari lilivutwa kwa ng'ombe baada ya siku chache, likawekwa kibandani. Kalisti hakuligusa tena. Nikimwambia aliwashe tu, betri isife, anasema petroli haipatikani bila kibali, au anakwenda kwa balozi wa nyumba kumi, au ana kazi shambani. Kuku wakaanza kutaga kwenye kiti chako. Ndizi tukawa tunateremsha kichwani. Nilidhani Kalisti ni mvivu. Nisamehe kwa hilo, nimemwonea.

Halafu Mama, mama yako, akaugua. Ilianza kama kikohozi, kikashuka kifuani, na mvua za masika zilikuwa zimerudi. Tulimlaza kwenye machela, Kalisti na majirani wakambeba kuteremka naye. Nilitembea kando nimeshika mwavuli ambao haukusaidia kitu. Tulipofika konani pale pale, Mama akafungua macho, akasema, "Mnanibeba kama mlivyombeba mwanangu." Kalisti alikuwa mbele, upande wa kulia. Niliona shingo yake ikikaza.

Mungu alimrudisha. Jioni aliyotoka hospitali alikaa jikoni na bakuli la mtori, nikamwambia mbele ya Kalisti kwamba nataka kulipeleka gari kwa fundi liinuliwe.

Kalisti akasimama. "Shemeji, kaka alikataa. Alikataa kwa mdomo wake. Mnataka kumpinga akiwa kaburini?"

Ndilo lililokuwa linanisumbua mimi pia. Mama ndiye aliyejibu, bila hata kuinua macho kwenye bakuli. "Kaka yako alikataa akiwa na mikono ya kuchimba. Sasa anachimba nani?"

Kalisti akatoka nje.

Nikaenda mjini kwa Fundi Mbwambo, Mpare yule wa Njoro uliyekuwa unasema anaongea na vyuma kuliko na watu. Nilimkuta chini ya lori. Nikamwambia nataka gari liinuliwe juu kabisa, juu kuliko yote ya Uru. Akatoka, akafuta mikono, akanitazama. "Mama, ukitaka kuona mbali panda mlima kwa miguu. Gari nitaliinua vidole vinne. Zaidi ya hapo nitakuwa nakuchongea jeneza." Nusura nicheke. Ilikuwa kama unaongea wewe.

Akanielewesha jambo ambalo hata wewe hukuwahi kuniambia. Springi zinainua mwili wa gari tu. Ile difu, kile kibonge cha chuma katikati ya ekseli, hakiinuliwi na springi, kinainuliwa na tairi. Kwa hiyo tungeinua mwili ili tairi kubwa zaidi zipate nafasi chini ya mbawa, yale mabati ya juu ya magurudumu, zisisuguane nayo. Hivyo viwili vinakwenda pamoja. Ukifanya kimoja umepoteza nguvu.

Madukani springi hazikuwepo, kama vile sabuni haipo. Fundi alizunguka kwenye magari mabovu ya mashamba ya miwa mpaka akapata mabamba ya springi yaliyolingana, na tairi ambazo zilikuwa bado na meno. Kalisti hakutaka kwenda, kwa hiyo dereva wa jirani aliliteremsha gari siku ya jua, na mimi nikakaa pale gereji kwenye kigogo, nimejifunga kanga ya pili, nikiangalia.

Waliliinua kwa jeki, wakaliegemeza kwenye vipande vya mbao ngumu, wakatoa magurudumu. Bolti zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Fundi akazimwagia dizeli, akaziacha zinywe, akaenda kula. Alipozifungua springi na kuzitoa, nililiona gari lako likining'inia bila miguu na nikageuka pembeni. Mabamba ya zamani yalikuwa yamechoka mgongo, yamenyooka. Akayapiga moja moja juu ya fuawe mpaka upinde ukarudi, akaongeza mengine kati yake, akayafunga.

Alipoingia chini kuangalia breki akaniita. "Mama, njoo uone." Nikainama. Ile mipira ya breki, kwa kuwa mwili umepanda, ilikuwa imekaza kama kamba ya nguo. Akaigusa kwa kidole. "Shimo la kwanza tu, hii inakatika, na unateremka mlima bila breki." Tukasubiri mpaka akapata mipira mirefu zaidi, na shokapu ndefu pia. Nilishukuru kwamba sikumharakisha.

Kuna kitu nilikikuta huko chini. Bomba la moshi ulikuwa umelifunga kwa waya, umeusokota vizuri, ncha umeikunja ndani isimchome mtu. Fundi akachukua koleo aukate. Nikamwambia aniachie. Nililala chali kwenye gunia, nikaufungua kwa vidole, mzunguko mmoja mmoja, ulivyoufunga. Fundi Mbwambo akaenda kutafuta kitu upande wa pili wa gereji, akakitafuta kwa muda mrefu.

Kulijaribu, nililiendesha mimi. Ndiyo, mimi. Unakumbuka Shirimatunda, kwenye tambarare, baada ya Misa, kabla serikali haijapiga marufuku magari Jumapili mchana? "Achia klachi polepole, kama unamlaza mtoto." Nilikuwa naizima injini, unacheka mpaka unatoa kofia. Safari hii sikuizima. Lakini nilipoongeza mwendo gari likaanza kutetemeka na kunguruma chini ya miguu yangu, nikajua lile ulilokuwa unaliogopa limekuja. Nikarudi. Fundi akasikiliza, akasema shafti, lile bomba linalozungusha ekseli, imepata pembe mbaya kwa sababu ya kuinuliwa. Akachonga kabari mbili za chuma, akazipachika kati ya springi na ekseli ili pembe irudi sawa. Nikaliendesha tena, likanyamaza.

Sasa njia ya nyumbani. Nilimtumia Kalisti salamu kwamba ninapandisha gari siku ya soko, akitaka aje, asipotaka basi. Nilimkuta konani amesimama, viatu mkononi. Ilikuwa imenyesha asubuhi. Hakunisalimu. Alisema, "Kaka alipita hapa miaka yote gari likiwa chini."

Hapo ndipo nilipoelewa, Baba Ritha, na naona haya kwamba nilichelewa. Hakuwa anatetea neno lako. Muda wote huo alikuwa anajiambia kwamba wewe uliweza, yeye hakuweza, na kwamba kwa sababu ya mikono yake ulifika kwako mabegani mwa watu.

Nikatia gia ndogo. Yeye akalala kifudifudi kwenye tope kando ya njia, shavu chini, ili aone. Nikaachia klachi. Gari likainama upande, nikahisi lile ulilokuwa unaliita ulevi, na nikakuelewa wewe pia. Nikaenda kama ninayebeba maziwa. Nikamsikia Kalisti akipiga kelele, "Linapita! Shemeji, linapita! Kuna nafasi ya mkono mzima!"

Nilipofika juu ya kona nikasimama. Kalisti akaja ameloa tope kuanzia kichwa, akashika dirisha, akalia. Alilia kama ambavyo hakulia msibani. "Nilidhani ni mimi," akasema. "Siku ile nilidhani ni mimi sijui." Nikamwambia hata wewe ungekwama siku ile. Ni kweli, si kweli? Tuta lilikuwa refu kuliko tumbo, basi. Nikasogea upande wa abiria, nikampa usukani, akatufikisha nyumbani.

Siku hizi anaendesha yeye, mimi nikiwa na nafasi naendesha pia, na wanawake wa jumuiya wamezoea kuniona ingawa watoto bado wanakimbia nyuma wakipiga kelele. Hatupakii kitu juu ya mbao. Mama anasema tumemfanya apande gari kama anapanda dari. Fundi ameahidi kumchomelea kidaraja cha kukanyagia mlangoni. Ritha amefaulu kwenda sekondari na tulimpeleka mpaka mlangoni na sanduku lake, mvua ikinyesha.

Nilianza barua hii nikitaka kukuomba radhi. Nimefika hapa naona sina radhi ya kuomba. Ungenuna wiki moja, ungelizunguka gari ukipiga tairi teke, halafu ungechukua funguo bila kusema neno.

Ninachoweza kukuahidi ni hiki: nikiwa hai, mgonjwa wa kijiji hiki hatalala njiani nami nina petroli. Na Kalisti sitamwacha peke yake na mambo yake tena, nitamuuliza.

Pumzika, Baba Ritha. Kama una la kunilaumu, litunze. Tukikutana utaniambia, nami nitakujibu.

Mimi wako,
Mama Ritha