Mtani wa Miungu

Jeppestown, Johannesburg
9 Machi 2025

Kwa ndugu yangu Ishaka,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Zubeda, pamoja na nyuki ambao nasikia sasa unawafuga. Mimi mzima, ila mgongo. Mwanaharusi naye mzima, ingawa hajui kwamba nakuandikia.

Najua utashangaa. Ni miaka mitatu kasoro miezi mitatu tangu tumzike mke wangu Zuhura, na tangu siku ile sijakutumia hata salamu. Namba yako niliifuta. Barua hii nampa Nassir, anayekwenda Dar kufuata kanga za kuja kuuza, ataitia kwenye basi la Tabora. Simu nisingeiweza. Ningesikia sauti yako ningekata.

Nikueleze kilichonisukuma. Mwanaharusi anasoma chuo pale Braamfontein na anaandika kitabu cha hadithi. Nchi yake ni ya kubuni: miungu wanakaa juu ya vilima vya mchanga wa njano, kama hivi vya migodi tunavyoviona kutoka dirisha la karakana, na majitu wanakaa chini mashimoni. Ameazima kisa cha kale cha watu wa Norwe, cha mungu wao mmoja mlaghai, mzaliwa wa majitu, akampa jina la Cheche. Katika kisa hicho mwana wa mfalme wa miungu anakufa. Wanaambiwa atarudi iwapo kila kiumbe kitamlilia. Mawe yakalia, miti ikalia, akakataa mmoja tu, yule mlaghai. Wakamfunga kwenye mwamba, juu yake wakaweka nyoka anayemdondoshea sumu usoni.

Mwanaharusi anataka kuandika maisha yake ya kabla. Anasema kila anaposoma, jamaa anaanza akiwa ameshakuwa mbaya. Hakuna anayeeleza alitoka wapi, wala kwa nini miungu walimkalisha mezani pao wakamwacha awaseme mmoja mmoja. Tulikuwa tunakula akaniuliza, "Eish, Baba, lakini kwa nini hakulia? Wote walilia." Nikajibu bila kufikiri, mdomo umejaa ugali: "Labda alikuwa mtani wao."

Akaniuliza mtani ni nini. Binti wa Mzaramo, ana miaka kumi na tisa, hajui mtani ni nini! Nikamweleza kwamba sisi Wazaramo na nyinyi Wanyamwezi tunataniana tangu enzi za mababu, na kwamba msibani mtani halii. Kazi yake ni kumwiga marehemu, kuzuia jeneza, kusema maneno ya hovyo mpaka wafiwa wacheke wapende wasipende. Akaweka kijiko chini. "Kama yule anko aliyevaa kanga ya Mama?"

Chakula sikukimaliza. Nisamehe, Ishaka. Sina neno jingine.

Ndugu yako,
Seif


Ng'ambo, Tabora
6 Aprili 2025

Kwako Mzaramo mla nazi,

Waaleikum salaam. Huku Zubeda mzima, nyuki wazima, hata mbuzi wa jirani anayekula mboga zangu ni mzima, pamoja na dua zote nilizomwombea. Mimi figo zinanisumbua. Daktari anazitaja kwa majina marefu, nami naitikia tu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani imetoka ofisi ya ardhi. Adabu yote hiyo umeitoa wapi? Halafu mwisho unajiandika "ndugu yako". Ndugu ninao saba na wote wananichosha. Mtani nilikuwa naye mmoja tu huko kusini.

Naona umemweleza mtoto nusu, basi acha nikukumbushe nusu ya pili. Nilijifunga kanga ya Zuhura, nikajilaza getini jeneza lisipite, nikatoa sauti yake: "Seif! Umekunywa chai yote peke yako tena?" Wale mama wawili wa Dar wakacheka huku wanalia. Parfait na Wakongo wenzake wa ghorofani wakatazamana. Ndipo imamu, mtu wa hapo hapo Johannesburg, akakuuliza mimi ni nani. Nilikuwa chini ya miguu yenu, nasikia kila kitu. Ukasema, "Simjui. Mtoeni huyo mwehu."

Kofi ulilonipiga halikuniuma, Mzaramo ana mkono gani? Lililoniuma ni lile neno. Miaka tisa tumetengeneza makochi karakana moja, Zuhura anatuletea chai birika moja, halafu hunijui.

Samahani yako siipokei. Usinune. Mtani haombwi radhi, ukimwomba radhi umeshamfanya mgeni. Kama unataka tupatane, nitukane. Nitukane sawasawa, kama zamani, mpaka Zubeda aulize nacheka nini.

Na huyo binti mwambie aandike kwamba Cheche alipanda kutoka mashimoni kwa sababu aliitwa. Hakukurupuka tu. Kuna mtu alimwita.

Mtani wako,
Ishaka


Jeppestown, Johannesburg
27 Aprili 2025

Kwa ndugu yangu Ishaka,

Assalaam aleikum wewe na wote nyumbani. Nimesikitika kusikia habari za figo. Tafadhali fuata dawa, punguza chumvi, na usibebe mizinga peke yako.

Nimejaribu kukutukana. Niliandika sentensi tatu juu ya matobolwa yenu, viazi vyenu vikavu vile, nikazisoma, nikazikata. Hazikuchekesha. Mwanaharusi anasema tangu mama yake afe hajanisikia nikitania mtu yeyote, hata mteja. Sikuwa nimeliona hilo mpaka aliposema.

Acha nikuambie ukweli, maana kuomba radhi umenikataza. Siku ile nilijua. Nimezaliwa Kisarawe, nimeona watani wakiingia hadi kaburini wakilala humo wakidai ni pao. Ulipojilaza getini moyo wangu ulifunguka kidogo, nikataka kucheka. Kisha nikaona imamu ametoa macho, na wateja wetu wa Kensington wamesimama kando na nguo zao nyeusi, nikaona haya. Niliona haya mbele ya watu ambao hata majina yao leo siyakumbuki. Nikakukana wewe.

Mwanaharusi ameandika sura ya kwanza. Mfalme, ambaye ana jicho moja, anamkuta Cheche mlangoni pa mashimo, wanachanjiana damu na kuapa kwamba hakuna atakayekunywa chochote kama mwenzake hajaletewa. Amenisomea kwa Kiingereza halafu akanitafsiria, Kiswahili chake kikikwama anachomeka Kizulu. Nikatoka nje nikasema naangalia kama mvua inakuja.

Ameuliza swali nami nakuletea: nani alimwita?

Ndugu yako,
Seif


Ng'ambo, Tabora
1 Juni 2025

Kwako wewe uliyezaliwa Kisarawe ukafia haya Johannesburg,

Salamu nimezipata, na ushauri wa chumvi nimemkabidhi Zubeda, anautumia kama silaha. Mimi sasa napelekwa Mwanza kusafishwa damu. Nikirudi nina nguvu siku mbili, na moja ya hizo nakupa wewe.

Umeuliza nani aliita. Nilidhani nitakaa nalo, lakini naona mtoto wake ana haki ya kujua. Aliita Zuhura.

Ilikuwa wiki moja kabla. Ulikuwa umeshuka kwenye kiduka cha spaza kumnunulia maji. Akaniambia, "Ishaka, msinizike kimya kama kuku wa kideri. Njoo unitanie. Seif akishikwa na huzuni anakauka, namjua." Nikamwambia utakasirika. Akasema, "Akikasirika si atakuwa bado hai?" Kanga ile alinipa yeye mwenyewe, imekunjwa, ndani ya mfuko wa plastiki.

Kwa nini sikukuambia? Mwanzoni hukunipa nafasi, nikafunga mizigo nikarudi Tabora. Baadaye nilinuna, nilijiambia ajue mwenyewe. Kiburi cha kijinga, nimekaa nacho miaka mitatu wakati ningeweza kukuandikia mistari miwili. Na uliponitoa pale nilikwenda mpaka kwenye robot ya kona, zile taa za barabarani, nikalia, magari yanapiga honi. Mtani halii msibani. Kwenye robot sijui sheria inasemaje.

Sasa nisikilize. Daktari amemweleza Zubeda mambo nami nilikuwa nyuma ya mlango. Nikifa huku, mtani wangu nani? Mzaramo ninayemjua Tabora nzima ni mmoja, fundi redio, naye ana haya kukushinda. Najua huwezi kuja. Kibali chako kiko vile vile, ukivuka mpaka hurudi, na Mwanaharusi atabaki na nani? Basi niandikie. Andika matani yangu, Zubeda atayasoma mbele za watu. Ila yalete mapema niyasikie na mimi, maana ya msibani mwenyewe hafaidi.

Mtani wako,
Ishaka


Ng'ambo, Tabora
10 Agosti 2025

Mzaramo,

Salamu. Mwandiko ni wa Zubeda, maneno ni yangu, usije ukadhani nimeanza kuandika vizuri. Nassir amepiga simu, anasema barua yangu alikupa mkononi mwezi wa sita. Basi imefika.

Kama habari ya Zuhura imekuumiza, sikuiandika kwa ajili hiyo. Usikae nayo.

Kila basi la Dar likiingia namtuma Zubeda stendi. Nasubiri matusi yangu. Hata moja. Hata kama halichekeshi.

Mtani wako


Jeppestown, Johannesburg
21 Septemba 2025

Kwa mtani wangu Ishaka, kwa mkono wa Zubeda,

Zubeda, pole sana shemeji. Uliponipigia Ijumaa ile kunipa habari ya kifo chake, simu ukaikata mwenyewe nami bado nimeishika sikioni. Naomba hii uisome siku ya arobaini, mbele za watu, kwa sauti. Usiruke kitu, hata pale utakapoona aibu.

Ishaka, barua hii niliianza mwezi wa sita. Nimeiandika mara kumi na moja. Nikisoma ya Zuhura narudia adabu, nachana, naanza tena. Nilitaka iwe nzuri. Uliniambia hata kama haichekeshi, mimi nikaendelea kutafuta ya kuchekesha. Nilidhani muda upo. Hilo nitabaki nalo.

Haya, jamaa wa Tabora, nisikilizeni. Mnamlilia nani? Huyu? Huyu mpagazi? Wanyamwezi wamebeba mizigo ya watu kutoka bara mpaka pwani miaka na miaka, na huyu ndiye wa kwanza katika ukoo mzima kuondoka mikono mitupu. Mtafuteni vizuri, labda kajificha asibebe.

Mnajua alikuwa fundi? Kuna mama Kensington alimletea kochi, akalivalisha mgongo mbele. Mpaka leo yule mama anakaa akitazama ukuta, wageni wako nyuma yake. Alipolalamika, Ishaka akamwambia ndiyo mtindo wa Ulaya. Mla matobolwa huyu, mwenye pua ya kunusia chai ya jirani! Kanga ya mke wangu ilimkaa vizuri kuliko suruali zake zote, na niliogopa watu wangemposa. Ndiyo maana nilimtoa. Asali yake msinunue, nyuki wenyewe wanaila kwa kumwonea huruma.

Zubeda, kama hawajacheka, rudia ya kochi.

Mwanaharusi amemaliza kitabu. Aliniuliza mfalme akishuka mwambani kumwona Cheche atasema nini, nikamwambia asiombe radhi, amtukane. Ameandika hivyo. Mfalme anawafukuza walinzi, anashika bakuli mwenyewe kukinga ile sumu, anakaa pale anamtukana rafiki yake wa zamani, mpaka Cheche anacheka na mwamba wote unatikisika. Watu wa juu wanadhani ni tetemeko. Unajua hapa ardhi inavyotikisika kwa ajili ya mashimo ya migodi, vikombe vinalia kabatini? Wiki iliyopita ilitikisika. Mwanaharusi akanitazama. Nikasema, "Huyo Mnyamwezi." Tukacheka, Ishaka, mimi na mwanangu, kisha nikalia mpaka akaniletea maji.

Kitabuni mfalme aliwahi. Mimi sikuwahi.

Chai natia vikombe viwili karakanani. Cha kwako kinapoa, nakinywa mimi. Ndiyo, chai yote, peke yangu, tena. Mwambie Zuhura.

Zubeda, la mwisho. Ukimaliza kusoma kuna mtu atauliza, huyu anayemtukana marehemu wetu ni nani? Usimwambie hunijui. Sema ni Mzaramo wake.

Mtani wako,
Seif